Waya wa Udi

Katika harusi nyingi za Waswahili hapa Sib ganuni husikika, lakini ganuni yenyewe haimo ukumbini. Anayeipiga ni mpiga kinanda. Akibonyeza kitufe hiki hutoka ganuni, akibonyeza kile hutoka udi, na cha tatu humletea fidla kumi kwa pamoja. Zote zimelala ndani ya kinanda kimoja cha Kijapani kilichotengenezwa kwa soko la Waarabu, na robo-toni zake zimo. Si sauti mbaya. Bibi zetu huinuka wakatunza, na sisi huinuka nyuma yao. Tunachouliza katika makala hii ni udi wenyewe ulikwenda wapi, maana Sib haikosi udi. Wako wanaoupiga barazani baada ya isha, kuna wanaourithi kwa babu zao na wanaoununua mpya, na Maskati ipo hata Jumuiya ya Wapenzi wa Udi. Ila sherehe ikihama kutoka baraza kwenda ukumbini, udi hubaki nyumbani. (Tunasema udi wa kupiga. Udi wa kufukiza haujawahi kukosekana harusini.)

Waulize wazee, watakwambia vijana wavivu, hawataki kukaa miaka mitano kujifunza. Waulize wanaolipia harusi, watakwambia gharama: mpiga kinanda ni mtu mmoja, na kundi la watu kumi na wawili linataka tikiti kumi na mbili za ndege kutoka Unguja. Yote mawili yana ukweli. Lakini hayaelezi kwa nini mtu mwenye udi wake, anayejua kuupiga, anayekaa Mawaleh, na anayealikwa harusi ya mpwa wake mwenyewe, bado huuacha chumbani. Jibu letu ni la kifundi zaidi, na tunaliandika ili walimu wetu walipinge wakitaka. Historia ya taarab imezoeleka kuandikwa kwa majina ya waimbaji, vilabu na watunzi. Sisi tunataka kuiandika kwa waya, yaani kwa kuuliza kila zama ni ala gani iliyoweza kufika masikioni mwa watu, na kwa njia gani.

Mwanzo waya haukuwepo. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye husimuliwa kuwa aliileta taarab ya Kimisri kwenye jumba lake, na kwamba alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga ganuni. Mwaka 1905 kikaundwa klabu cha Ikhwani Safaa, ambacho mpaka leo kipo. Taarab ya siku hizo ilikuwa ya kukaa. Watu wanakaa chini au vitini, chumba si kikubwa, madirisha yako wazi, na desturi ni kunyamaza ili shairi lisikike. Katika chumba cha namna hiyo udi unatosha. Tumbo lake la mbao limetengenezwa kwa chumba, si kwa uwanja. Mpiga udi akitaka kusikika zaidi hapigi kwa nguvu; anawasubiri wengine wapumue, kisha anaingia katikati na risha yake. Takasimu, ile sehemu ya mpigaji mmoja peke yake kabla ya wimbo, ni adabu nzuri ya muziki, na pia ni njia ya kumpa nafasi mwenye sauti ndogo.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za HMV, pamoja na wenzake akiwemo Mbaruku, mpiga udi wa Mombasa, kurekodi kwa maikrofoni kulikuwa kumeanza miaka mitatu tu nyuma. Kabla ya 1925 wanamuziki waliimbia ndani ya pembe kubwa ya bati, na nguvu ya pumzi ndiyo iliyochonga sahani. Maikrofoni ilibadilisha hesabu. Iliweza kuusikia udi. Kilichotakiwa ni mpigaji akae karibu na wa ngoma akae mbali. Mikisa ya siku hizo ilikuwa miguu ya viti: ukitaka udi upande, sogeza kiti. Ndiyo maana katika sahani za zamani udi uko mbele kabisa, unakuna sikio, na wengi wetu tulipozisikia mara ya kwanza tulishangaa kwamba ala hii ni kali kiasi hicho. Upande wetu wa bahari kuna kisa kinachofanana na hiki. Salim Rashid Suri, baharia wa Sur aliyekuwa mwimbaji na mpiga udi, naye alirekodi Bombay. Alifariki 1979. Pwani mbili, mji mmoja wa studio, ala ileile mbele ya maikrofoni.

Kisha likaja kundi kubwa. Redio ya Kairo ilisikika Unguja, na Sauti ya Unguja ilipoanza kutangaza mwaka 1951 vilabu vilipata mahali pa kupeleka nyimbo zao. Watu walimsikia Umm Kulthum na fidla zake nyingi zikivuta kwa pamoja, wakataka na wao. Vilabu vikaongeza fidla, akodioni, selo, besi ya kusimama, nai, dumbak na rika. Culture Musical Club, kilichoanza 1958, ni mtoto wa zama hizo. Muziki ulinenepa na ukapendeza, lakini tazama yaliyoupata udi. Fidla sita huvuta sauti bila kukatika, akodioni ina mapafu ya ngozi, na udi unapiga noti moja inayokufa kabla ya pumzi kwisha. Ndani ya kundi la namna hiyo udi huhisiwa zaidi kuliko kusikika. Mwenzetu mmoja aliufananisha na chumvi. Wengine hatukukubaliana naye, kwa kuwa chumvi ikikosekana kila mtu anajua.

Spika zilipopanda jukwaani jambo la kwanza lilikuwa kumsaidia mwimbaji. Maikrofoni moja kwake, moja au mbili kwa kundi zima. Hapa ndipo matatizo ya udi yalipoanza, na inafaa tuyaeleze taratibu kwa sababu ndiyo kiini cha hoja yetu. Maikrofoni haichagui. Ukiiweka mbele ya udi inachukua udi, dumbak iliyo nyuma yake, akodioni iliyo pembeni, na spika yenyewe. Ukiongeza sauti ili udi usikike, kile kinachotoka kwenye spika kinarudi kwenye maikrofoni, kinaongezwa tena, kinatoka tena, na katika nusu sekunde ukumbi mzima unasikia mluzi wa kuumiza meno. Udi una ubaya zaidi kwa sababu uso wake ni ubao mwembamba ulio juu ya tumbo tupu: spika ikinguruma, ubao unatetemeka wenyewe bila kuguswa, na mluzi unapata mshirika. Fundi anafanya nini? Anapunguza. Anaanza na udi, kwa sababu mwimbaji hawezi kupunguzwa na dumbak haina haja ya maikrofoni. Hakuna aliyekaa akaamua udi uondoke. Ulipunguzwa usiku mmoja, ukapunguzwa usiku wa pili, na mpigaji akachoka kupiga kitu ambacho hata yeye hakisikii.

Ala zilizonusurika ni zile zilizokuwa na njia nyingine ya kufika kwenye spika. Njia hiyo iliitwa pikapu (si ile ya kubebea mbuzi): kipande cha sumaku kilichozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa kwenye waya, nao unakwenda moja kwa moja kwenye amplifaya. Hausikii ngoma, hausikii watu, hausikii spika isipokuwa kidogo. Gitaa la umeme limejengwa juu ya wazo hilo. Mwaka 1964 lilifika hata kwa Umm Kulthum, pale Mohammed Abdel Wahab alipoliingiza katika wimbo wa Inta Omri. Mwaka uleule, Januari, Unguja ilikuwa na mapinduzi, na familia nyingi za walioandika makala hii zilianza safari iliyokuja kuishia Oman baada ya 1970. Tunaitaja tarehe hiyo kwa sababu watu waliohama wakati huo walibeba kichwani taarab ya fidla, udi na ganuni, na ile iliyokuwa ikiingia waya nyuma yao hawakuiona ikikua.

Ilikua Tanga na Mombasa. Tanga, Black Star Musical Club na baadaye Lucky Star, lililokuwa na Shakila, waliipiga taarab kwa gitaa la umeme na gitaa la besi. Mombasa, Zuhura Swaleh aliimba na taishokoto, ala ya Kijapani yenye vitufe kama vya taipureta na nyuzi za chuma. Angalia neno hilo: chuma. Taishokoto haina ukoo wowote na Misri wala Hijazi, wala haina heshima ya udi, lakini nyuzi zake sumaku inaziona. Nyuzi za udi sumaku haizioni. Zamani zilikuwa za utumbo wa mnyama, siku hizi ni nailoni, na hata zile nene zilizozungushiwa shaba ni kama hazipo mbele ya pikapu ya sumaku. Ganuni ni vivyo hivyo, nyuzi zaidi ya 70 na zote kiziwi. Kwa hiyo katika miaka ambayo taarab ilikuwa ikichagua ala zake za jukwaani, ala mbili zilizoibeba tangu siku za Barghash zilikuwa nje ya mlango, na ufunguo ulikuwa ni madini.

Tuwe waadilifu. Mombasa pia ndiko alikokuwa Zein l'Abdin, aliyefariki 2016, na yeye aliushikilia udi mpaka mwisho na watu wakamfuata. Lakini Zein aliunda muziki wake wote kuuzunguka udi: sauti moja, udi, ngoma chache, watu wasikilize. Alikirudisha chumba kuwa kidogo. Si kila mtu anaweza kuwaambia wageni mia tano wa harusi wanyamaze.

Ufunguo wa udi ulikuwepo, ila katika vipande viwili vilivyotengenezwa mbali mbali. Kipande cha kwanza ni cha mwaka 1880, ndugu Jacques na Pierre Curie walipogundua Ufaransa kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Kidude cha namna hii huitwa paizo. Hakijali chuma wala nailoni. Kinachotaka ni kitu kinachotikisika. Kibandike kwenye uso wa udi karibu na daraja la nyuzi, na kila mpigo wa risha unakibana kidogo. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilianza kuviuza kwa wapiga fidla, besi za kusimama na magitaa ya kawaida.

Kipande cha pili ni kisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani. Jina lake ni dairekti boksi, na mafundi wa jukwaani hulikata wakasema di-ai. Katikati ya miaka ya 1960 fundi Ed Wolfrum wa Detroit alitengeneza visanduku vya aina hiyo vilivyotumika Motown, ili gitaa la besi liingie kwenye mitambo ya kurekodi bila kupitia amplifaya na maikrofoni. London nako mafundi wa EMI walikuwa wakijaribu jambo hilohilo miaka hiyohiyo. Kutoka studio kikapanda jukwaani, na leo huwezi kuingia ukumbi wowote wa muziki usivikute vimelala sakafuni miguuni mwa wapigaji, kama viatu vilivyovuliwa.

Kisanduku kinafanya nini? Kazi ya kwanza inahusu urefu wa waya. Waya wa kawaida wa ala una njia moja ya sauti na ganda lake. Hadi mita 5 au 6 ni mwema, baada ya hapo unaanza kufanya kazi ya erio: unaokota mnguruma wa umeme wa majengo, ambao hapa Oman, kama Unguja, ni mizunguko 50 kwa sekunde, karibu sana na sol ya chini kabisa. Katika kumbi za Sib fundi hukaa nyuma, mita 30 au zaidi kutoka jukwaani. Kisanduku hupokea sauti kwa njia moja na kuitoa kwa njia mbili, ya pili ikiwa imepinduliwa juu chini. Mnguruma ukiingia njiani huingia njia zote mbili kwa namna moja. Kule mwisho mikisa hupindua tena ile ya pili na kuzijumlisha: sauti inaongezeka, mnguruma unajifuta wenyewe. Tulipoelezwa hili mara ya kwanza tuliomba turudiwe, kwa sababu linafanana na mchezo wa mazingaombwe, lakini ni hesabu tupu ya kujumlisha na kutoa.

Kazi ya pili ndiyo iliyochelewesha udi, na haielezwi sana. Paizo ni kitu dhaifu. Ina umeme lakini haina nguvu ya kuusukuma, kama mtu mwenye maneno mazuri na kifua kibovu. Ukiiunganisha kwenye mlango wa maikrofoni wa mikisa, wenye ukinzani wa ohmu 1,000 au 2,000, inalemewa, na cha kwanza kupotea ni sauti nene. Udi unapoteza tumbo, unabaki kucha. Visanduku vya mwanzo vilikuwa na transfoma tu ndani, waya wa upande mmoja umezungushwa mara 12 kwa kila mara moja ya upande wa pili. Uwiano huo huzidisha ukinzani mara 144, yaani ohmu 1,000 za mikisa zinaonekana kwa ala kama 144,000. Kwa gitaa lenye sumaku hiyo inatosha. Kwa paizo haitoshi, maana inataka kuanzia ohmu milioni moja kwenda juu. Hapo ndipo kinapohitajika kisanduku cha aina ya pili, chenye mtambo mdogo ndani unaokula umeme wa betri au volti 48 zinazopandishwa na mikisa kupitia waya uleule unaoshusha sauti. Kwa hiyo mpiga udi aliyenunua paizo miaka hiyo, akaichomeka kwenye kisanduku kilichokusudiwa gitaa la besi, alisikia sauti kama ya bati na akaapa asirudie. Tunadhani wengi walihukumu paizo wakati mkosaji alikuwa kisanduku.

Na wakati huo kinanda kimeshafika. Miaka ya 1990 ni zama za East African Melody, za TOT na Muungano, za Khadija Kopa na majibizano, za watu kusimama na kucheza badala ya kukaa na kusikiliza. Taarab ikawa ya spika kubwa. Kinanda hakina tumbo la kutetemeka, kwa hiyo hakipigi mluzi. Sauti yake inatoka tayari ina nguvu. Na kikipelekwa kwa fundi aliye mita 30 nyuma, kinapitia wapi? Kinapitia dairekti boksi. Kikulacho ki nguoni mwako: kisanduku ambacho kingeweza kuupandisha udi jukwaani kilikuwa pale pale, sakafuni, kimeunganishwa na kinanda kinachoiga udi. Kwetu sisi hili ndilo jambo la kuudhi kuliko yote katika historia hii. Kifaa hakikukosekana. Kilikosekana kile kipande cha paizo na mtu wa kuvikutanisha.

Kuna watakaosema udi wa waya si udi. Tunawaelewa. Paizo husikia mbao tu, haisikii hewa iliyo ndani ya tumbo, na sauti yake peke yake ina ukali wa kucha juu ya sinia. Mafundi wazuri hubandika paizo, kisha wanaweka na maikrofoni ndogo karibu na tundu la udi, wanachanganya: nguvu kutoka kwa moja, pumzi kutoka kwa nyingine. Kwenye Ngome Kongwe ya Unguja, ambako tamasha la Sauti za Busara lilianza 2004, jukwaa liko wazi chini ya mbingu na makundi ya taarab hufuatana na bendi zenye ngoma za umeme. Huko bila waya hakuna udi utakaofika ukutani. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichofunguliwa Forodhani mwaka 2002, kimewafundisha vijana udi na ganuni, na vijana hao wanapanda majukwaa ya namna hiyo. Upande wa pili liko jumba la opera la Maskati, lililofunguliwa Oktoba 2011, ambalo limejengwa ili sauti isafiri yenyewe. Mjadala wa udi mtupu na udi wa waya una maana ukiwa na jumba kama hilo. Sisi tuna kumbi za harusi, marumaru chini, vioo pembeni, watoto wanakimbizana na mashine za kupoza hewa zinavuma.

Muhula huu klabu chetu kilijaribu. Mmoja wetu anapiga udi, tukaubandika paizo ya bei ndogo, tukatafuta darasa kubwa na spika mbili. Kwanza tulitumia maikrofoni peke yake: kabla udi haujasikika nyuma ya darasa, mluzi ulishafika. Pili tukachomeka paizo kwenye mikisa kwa waya mrefu: mnguruma, na udi mwembamba kama wa kwenye simu. Tatu tukapitisha kwenye kisanduku chenye mtambo, tukakipa volti 48. Mnguruma ukazimika na tumbo likarudi. Haikuwa sauti ya barazani, tuseme kweli, lakini mtu aliyekaa kiti cha mwisho alitaja jina la wimbo kwa takasimu tu, kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Baadaye tulikipeleka kwenye ukumbi mmoja wa kukodi ambako taa za jukwaa na mikisa vilichomekwa kwenye soketi mbalimbali, mnguruma ukarudi, na kumbe kisanduku kina kitufe kidogo pembeni cha kukata muungano wa ardhi kwenye waya wa sauti. Tukakibonyeza, kimya. Tunasisitiza waya wa sauti: ardhi ya umeme wa ukutani haikatwi hata siku moja, kwa kuwa ile ndiyo inayomkinga mpigaji asipigwe na yeye.

Jambo ambalo hatukulitegemea ni mpigaji mwenyewe. Alipojisikia kwenye spika aliacha kuubamiza udi. Risha ikawa laini, yale mapambo madogo kati ya noti na noti, ambayo wazee huyasifu na sisi tulidhani yamekufa nao, yakatoka yenyewe. Yalikuwa mkononi mwake siku zote, ila katika makelele hakuna anayepamba. Tunaamini hata hili ni sehemu ya historia. Nusu karne ya kupiga kwa nguvu ili usikike lazima imebadilisha namna watu wanavyoupiga udi, na mwalimu mwenye sahani za zamani angeweza kulinganisha.

Usiku wa Kiswahili wa klabu uko karibu, na tuna kisanduku kimoja. Mpiga kinanda alikitaka, kama ilivyo kawaida ya kila ukumbi. Baada ya majadiliano marefu kuliko yanavyostahili, kimepewa udi. Kinanda kina sauti yenye nguvu na kinaweza kuvumilia waya mfupi mtupu, kwa hiyo kitawekwa hatua tatu kutoka mikisa, pembeni ya fundi, mbali na wenzake. Amekubali. Tumekubaliana pia kwamba kitufe cha udi asikiguse usiku huo. Kile cha ganuni tumemwachia, kwa sababu ganuni hatunayo.